Maharagwe ya Kwaresima

Watu wa Keshero, mtaa wetu wa Goma, wana tabia moja inayoniudhi: mtu akiwa na paa lake, mlango wake na chakula chake, wanaamua kwamba hana shida. Kwa hesabu hiyo Koko Eugénie, bibi mjane, hakuwa na shida hata chembe. Mwanawe Sikuli, mfanyabiashara wa Butembo, alimtumia maharagwe, mchele, sabuni na makaa kwa malori, na kila alichotuma kilifika salama. Ila Sikuli mwenyewe hakufika. Mara barabara mbaya, mara kazi nyingi, mara tena barabara. Binti wa Koko, Victoire, alikuwa Kinshasa, na tangu ndege ziache kutua Goma, Kinshasa imekuwa mbali kama Ulaya.

Nyumba ya Koko ilikuwa ya mbao, aliyoijenga na marehemu mumewe baada ya ule moto wa volkano kumeza nyumba ya kwanza. Siku hizo jirani alikuwa mtu wa kuazima chumvi. Sasa kushoto kuna ghorofa, kulia kuna ghorofa, na wenye maghorofa wamepandisha kuta za mawe meusi na juu wakatandaza nyaya. Jirani akirudi nyumbani anapiga honi mlinzi amfungulie, na honi hiyo ndiyo salamu pekee aliyoisikia Koko Eugénie kutoka upande ule. Wiki nzima aligusa mkono wa mtu mara moja tu, Jumapili kanisani, pale padri anapowaambia waamini wapeane amani. Alikuwa akiushika mkono wa jirani wa benchi kidogo zaidi ya inavyohitajika, mpaka mwenzake anauvuta.

Alikuwa mpweke, basi. Hakuna neno la kupambia jambo hilo.

Kwaresima ilipoanza, shule ya msingi ya parokia iliwatuma wanafunzi wapite nyumba kwa nyumba kila Jumamosi asubuhi, wakiomba chakula kwa ajili ya watu waliokimbia vita na kurundikana kwa ndugu zao kule njia ya Lac Vert. Walipita watatu watatu. Waliogonga lango la bati la Koko Eugénie walikuwa Fabiola wa mwaka wa sita, mrefu, mkavu, mwenye kushika amri za shule kama hakimu. Prodige wa mwaka wa tano, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. Na Lévi wa mwaka wa pili, aliyepewa kazi ya kubeba sabuni kwa sababu sabuni haimwagiki.

"Bonjour, Koko," alisema Fabiola. "Tunatoka ku masomo. Tunatafuta chakula ya batu benye balikimbia. Hata kidogo, haina neno."

Moyo wa mama mzee uliruka. Aliingia ndani haraka, akachota bakuli zima la maharagwe kutoka kwenye gunia lililokuwa nyuma ya kitanda. Alipokuwa anatoka, alimsikia Prodige akimfundisha Lévi kazi.

"Koko akitoa, tunasema merci, tunasali Salamu Maria moja, tunaenda. Haturudie tena huku. Maître alisema tusichokeshe batu."

Koko Eugénie alisimama mlangoni na bakuli lake. "Sasa munarudiaka ku nyumba gani?"

"Ku nyumba yenye haiyatoa bado," Fabiola alijibu.

Mama akarudi chumbani, akamwaga maharagwe ndani ya gunia, akatoka na kikombe kimoja.

"Hii ni ya kuanzia tu," alisema. "Ile ingine siyachagua bado. Mukuye samedi."

Fabiola alilipima jambo hilo kichwani. Mtu aliyeanza kutoa bado hajamaliza kutoa, na amri ya Maître, mwalimu wao, haikusema lolote juu ya mtu wa namna hiyo. Akakubali. Wakasali, wakaenda, na Koko Eugénie akakaa juma zima akiisubiri Jumamosi.

Jumamosi hiyo alipika viazi vitamu na chai ya maziwa. Fabiola alitazama sufuria, akameza mate, akakataa. Maître Télesphore alikuwa amewakataza kula kwa watu: aombaye kwa ajili ya wenye njaa hawezi kurudi ameshiba. Prodige alitazama viazi kwa huzuni kubwa. Koko Eugénie alivila viazi vile peke yake, asubuhi na jioni, hata akavichoka.

Chakula kikiwa hakifai kumshikilia mgeni, itafutwe kazi. Wiki iliyofuata walikuta viti vitatu vimezunguka ungo wa maharagwe ya kuchambua.

"Munisaidie kuchagua," alisema. "Macho yangu ilizeeka."

Macho yake! Macho yale yaliweza kutunga uzi kwenye sindano jioni bila taa. Lakini watoto waliketi, na hapo ndipo raha ilipoanza. Prodige alisimulia jinsi Maître alivyoteleza mbele ya directeur wa shule siku ya mvua. Lévi alionyesha jino linalotikisika, kisha akataka kila mtu aliguse. Fabiola alichagua kimya, ila baada ya muda akaanza kuimba chini chini wimbo wa kanisani, na Koko Eugénie akamwitikia kwa sauti ya pili. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Ubaya ni kwamba Sikuli alikuwa akimtumia mamaye maharagwe mazuri. Yalikuwa safi, yamechaguliwa tayari kule Butembo. Ungo uliisha Prodige akiwa katikati ya hadithi, Fabiola akainuka, na Prodige hakuwa na njia ila kumalizia hadithi huko barabarani, mahali ambapo Koko hakuweza kuisikia.

Basi siku ya Ijumaa, mama huyu aliyeuza maharagwe miaka mingi kwenye depo yake, ghala dogo huko mtaa wa Ndosho, aliyegombana na wakulima wa Masisi na Rutshuru kwa sababu ya punje moja ya mchanga, aliinama uani mwake na kuokota changarawe. Ardhi ya Goma ni mawe matupu, meusi, mepesi, ya kila ukubwa. Alichagua yaliyolingana na maharagwe. Akayachanganya ndani ya ungo kwa mkono wake mwenyewe. Akacheka peke yake, akaona haya, kisha akaongeza konzi nyingine.

Dawa ilifanya kazi. Watoto walikaa mpaka kengele ya adhuhuri. Jumamosi iliyofuata akazidisha mawe, na wao wakazidi kukaa. Akajua kwamba mama yake Lévi anauza samaki, kwamba Prodige anaogopa mbwa, kwamba Fabiola anataka kuwa muuguzi na hajamwambia mtu mwingine. Jioni aliosha ungo huku akirudia maneno yao kwa sauti, na usingizi ulimjia upesi. Kila walipoondoka alimpa Fabiola kikombe kilekile kimoja, na neno lilelile: iko ingine, mukuye. Hakutaka kitu kingine duniani ila lango lile ligongwe Jumamosi.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumapili ya Matawi, hakusikia lango likigongwa. Alisikia wimbo. Alipofungua alikuta mwaka wa sita wote wamejipanga barabarani, Prodige na Lévi mbele yao, Maître Télesphore katika koti lake la Jumapili, na Fabiola ana kapu kichwani lililofunikwa kitambaa cheupe. Wakaingia uani wakiimba. Fabiola akapiga magoti, akatua kapu mbele ya mama, akafunua. Mchele, mafuta, chumvi, na mfuko wa maharagwe yaliyong'aa. Lévi akaongeza kipande chake cha sabuni, akakiweka sawasawa kisianguke.

"Mama Eugénie," alianza Maître, na sauti yake ilikuwa ya heshima kiasi kwamba mama aliogopa. "Batoto balituambia yote. Classe mzima ilikaa ikachagua hii maharagwe, jiwe hata moja haiko ndani. Mutu mwenye anakula mafagio na bado anatoa kikombe yake kila samedi, sisi hatuwezi kunyamaza."

Mafagio. Koko Eugénie alihisi damu ikimpanda usoni. Kila mtu wa Ndosho anajua maana yake, na yeye alijua kuliko wengi. Lori likipakuliwa depo, maharagwe yanayomwagika chini hufagiwa pamoja na changarawe, na mafagio hayo huuzwa mlangoni kwa bei ya kutupa kwa watu wasio na mbele wala nyuma. Anayeyala hasemi, na anayemwona akiyachagua hamuulizi. Yeye mwenyewe aliwauzia watu mafagio, tena mara nyingine akiwageuzia uso wasione haya. Na bado, alipokuwa akichanganya mawe yale, jambo hilo halikumpitia akilini hata kidogo. Aliwaza kuwakawisha watoto tu. Lakini Fabiola alikuwa mtoto wa Ndosho, na nyumba yenye mbao kuukuu, kikombe kimoja kimoja na mawe meusi ndani ya ungo vilimweleza mambo mengine kabisa.

"Na toka leo," Maître aliendelea, "batoto habatakuya tena kukuomba kitu. Ni haya kwetu kukamata chakula ya mujane. Wewe ni wa kusaidiwa, Mama. Pumuzika."

Koko Eugénie angeweza kunyamaza. Angesema asante, angelifunika kapu, na heshima yake ingebaki palepale, hata ingeongezeka. Chakula kile kilikuwa cha wakimbizi wa njia ya Lac Vert. Ila nani angejua? Alimtazama Fabiola aliyekuwa bado amepiga magoti, uso umejaa fahari na huruma, akaona hawezi.

Aliingia ndani. Walisikia kitu kizito kikiburutwa juu ya mbao. Akatoka kinyumenyume, akivuta gunia, akalifungua kinywa mbele yao wote. Lilikuwa na maharagwe safi kama yale ya kapu.

"Hii ni yangu," alisema. "Mutoto yangu ananitumiaka. Sikulaka mafagio. Ile mawe nilitia miye mwenyewe."

Mtoto mmoja nyuma alicheka, akaacha. Maître Télesphore alitazama viatu vyake.

"Juu ya nini, Koko?" aliuliza Prodige.

"Juu mukawie hapa na miye."

Fabiola alisimama, akajipangusa vumbi magotini. Alikuwa na hasira, tena hasira ya haki.

"Tulichagua bure?"

"Bure, mama," Koko alimjibu mtoto.

"Miye nililia," alisema Fabiola. "Nilifika ku nyumba nikaambia mama yangu kama Koko wa Keshero anakula mafagio, nikalia."

"Unisamehe."

Hasira ilianza kumtoka mtoto, na baada yake ukabaki mshangao, kama anayetazama hesabu rahisi ambayo mtu mzima ameikosa.

"Ungetuambia tu mukuye," alisema.

Koko Eugénie hakuwahi kufikiri hivyo. Maisha yake yote mtu alikuja kwake kununua, kuchukua, kuleta, au kuomba. Kumwambia mtu njoo, bila kitu mkononi, alikuona ni sawa na kusimama barabarani bila kitenge.

"Mungekuya?" aliuliza.

Wote walimgeukia Fabiola. Mtoto mwingine angesema ndiyo, na mambo yangeisha vizuri, na Maître angeanzisha wimbo. Lakini Fabiola hakujua kusema uongo, hata ule mdogo wa adabu. Alifikiri kwa uaminifu, akaziwaza Jumamosi zake, maji ya kuchota, mdogo wake wa kubeba mgongoni, mchezo wa kamba na wenzake.

"Sijui, Koko," alisema.

Mama aliitikia kwa kichwa. Jibu hilo lilimuuma, lakini lilikuwa la kweli, na tangu muda mrefu watu walimpa visingizio vya kwenye simu tu. Akafunga kinywa cha gunia, akawaambia wavulana wawili wakubwa walibebe lote kwa ajili ya waliokimbia, na kapu pia walirudishe kwa wenyewe. Maître alitaka kukataa. Koko akamwambia asimwongezee haya.

Walipokuwa wanatoka, alishika bati la lango, akajikaza.

"Basi leo nawaambia. Mukuye. Si kwa kuleta, si kwa kukamata. Mukuye tu."

Watoto walimtazama mwalimu wao. Maître Télesphore hakuwa mtu mbaya. Alikuna kidevu akitafuta neno lisilovunja moyo.

"Kiisha Pasaka iko examens, Mama," alisema. "Tutaona."

Koko Eugénie alikuwa amefanya biashara miaka mingi, na wanunuzi wote waliomwambia tutaona hakuwaona tena. Akamshukuru. Prodige alimpungia mkono, kisha akawakimbilia wenzake kwa sababu ya mbwa wa jirani. Kwenye kona walianzisha wimbo upya, na gunia lilikuwa juu ya kichwa cha mmoja wao, likisogea juu ya kuta mpaka likapotea.

Alirudi uani, akaketi. Ilikuwa bado asubuhi.