Mlango wa Maji wa Ndeshi

"Vua viatu, mwalimu! Mfereji huu hauingiwi na ngozi ya Mdachi."

Wanaume waliokuwa mferejini wakacheka. Kaanaeli aliketi kwenye majani, akafungua kamba, akaviweka viatu kando ya njia iendayo Arusha. Akakunja kanzu hadi magotini, akashuka. Matope yalikuwa baridi. Maji ya mfereji ule hutoka juu msituni, ambako jua halifiki.

Ilikuwa siku ya kuzibua mfereji. Kila nyumba hutoa mwanamume mmoja mwenye jembe, na nyumba isiyotoa mtu haipewi zamu ya maji.

Kaanaeli alikuwa amerudi juzi tu, amemaliza chuo cha walimu cha misheni. Kazi mbili zilimngoja. Boma la Arusha lilitaka karani. Mchungaji alitaka mwalimu wa shule ya hapahapa mlimani, ile ya kuta za udongo. Karani hulala bomani na hutoka kwa ruhusa. Mwalimu hulala kwao.

"Nenda bomani," mama yake, Ndeshi, alimwambia asubuhi. "Mimi hapa sipungukiwi kitu."

Wakachota matope, wakayarusha ukingoni. Kila shamba lilikuwa na mlango wake mdogo wa maji, uliozibwa kwa kipande cha mgomba. Mzee Mika, msimamizi wa mfereji, alitaja nyumba, na mwenye nyumba akasafisha mlango wake. Alipofika kwa Ndeshi, alipita bila kuitaja nyumba.

"Mzee, umeturuka," Kaanaeli alimwambia.

"Sijaruka. Tangu uende chuoni, nyumba hii haina mtu."

Kaanaeli akainama. Nyasi zilikuwa zimeota mlangoni, mizizi imeshikana na udongo ukawa mgumu. Chini yake migomba ya mama ilisimama myembamba, majani yamejikunja. Chuoni, kila mgeni kutoka nyumbani alimletea neno lilelile la mama: migomba imestawi.

"Mama yako alikuja mwenyewe na jembe," Mika alisema bila kumtazama. "Tukamrudisha. Mwanamke hahesabiwi mferejini, unajua."

Ndipo tarishi wa boma alipotokea njiani, kofia yake ya tarbushi imejaa vumbi.

"Kaanaeli ni nani hapa? Bwana wa boma anakutaka leo. Usipokuja na mimi, anamchukua karani mwingine."

"Karani huyo, bado anaoga!" mtu mmoja alisema, na wengine wakacheka tena.

Ndeshi alitoka kati ya migomba. Alimsalimu tarishi. Akaviokota viatu vya mwanawe, akavifuta kwa upindo wa nguo yake, akavirudisha chini vikielekea Arusha.

"Mama, migomba imestawi?"

"Usimsimamishe mgeni juani, mwanangu. Nenda."

Kaanaeli alimgeukia tarishi. "Kaa kivulini kidogo, kaka."

Akainua jembe. Pigo la kwanza lilidunda. La pili likakata mizizi. Mika akainua kichwa.

"Nyumba ya Ndeshi!" aliita, kwa sauti ileile aliyowaitia wengine.

Huko juu maji yakafunguliwa. Yalikuja taratibu, yakisukuma povu na majani makavu. Yakafika mlangoni, yakasita, yakaanza kuzunguka ndani ya shimo jipya. Ndeshi hakusogea. Tarishi naye hakuwa amekaa. Kati yao vilikuwa viatu, vikitazama Arusha, na matope mabichi ya ukingoni yalikuwa yakiteremka polepole kuvielekea.