Mstari wa Upande wa Kushoto

Kila tarehe mosi, baada ya chai ya asubuhi, yaya alimsimamisha mtoto wa bosi wake kwenye fremu ya mlango wa jikoni, akamwekea rula kichwani na kuchora mstari kwa penseli. Katika nchi hiyo ndivyo watoto walivyolelewa: walipimwa, waliulizwa wanataka kula nini, na walilala peke yao chumbani kama wapangaji. Huyu alikuwa na miaka mitano na maswali hayamwishi, kwa hiyo yaya alimwita Bwana Kwanini.

Mwaka wa kwanza wa mkataba ulipoisha, yaya alikuta mstari wa pili, chini kidogo ya ule wa mtoto. Unywele mmoja ulikuwa umenasa kwenye rangi. Akajua ni wa binti yake, aliyemwacha na bibi yake huko kwao, safari ya ndege mbili. Akauandikia mstari huo tarehe.

"Mbona hayupo na ana mstari?" akauliza Bwana Kwanini alipoambiwa ni wa nani.

"Kwani unadhani kukua ni kwako peke yako? Hebu sogea nifute meza."

Bosi alipouona, alisema afadhali mistari isichanganyikane, akampa binti upande wa kushoto wa fremu. Alikuwa mama wa utaratibu, na tangu hapo kila mwezi mstari mpya wa binti ulijitokeza wenyewe kushoto.

Yaya akapiga simu kwao. Mama yake alicheka mpaka akakohoa. "Nani anampima mtoto kama mbao? Sisi huku gauni likipanda magotini tunajua amekua, basi!" Lakini mstari ulisaidia. Zamani yaya alinunua magauni ya kimo cha mtoto aliyemwacha, nayo yaliishia kwa mtoto wa jirani. Sasa alipima kwa utepe kuanzia sakafuni, na gauni lilimkaa binti sawasawa.

Bwana Kwanini naye alitaka habari zote za upande wa kushoto. Analala na nani? Na bibi na binamu wawili, kitanda kimoja. Nani anamuuliza anataka kula nini? Hakuna, anakula kilichoiva. Akikosea nani anamkanya? Yeyote anayepita, hata muuza duka.

"Na wewe unamfanyia nini?"

"Lete viatu tuvae," yaya akasema.

Mwaka uliofuata, mstari wa kushoto haukupanda kwa miezi mitatu. Yaya akapiga simu. "Mama, usinifiche. Mtoto ana nini?"

"Alilazwa, mwanangu. Sasa ameshatoka. Tungekwambia ungefanya nini, na uko huko?"

Mkataba ulisema miaka miwili ikitimia yaya apewe likizo ya mwezi mmoja. Ilipotimia, alikausha mikono, akaenda kumwona bosi sebuleni.

"Ningekuelewa kama ungekuwa humwoni," bosi akasema kwa upole kabisa. "Wenzako hawana hata hicho. Wewe una mlango. Tuangalie mwakani."

Mwakani jibu likawa lilelile. Jiko lilipakwa rangi upya, na bosi akamwagiza fundi asiiguse fremu hata kidogo. Fundi akaizungushia gazeti, akapaka kuta, akalipwa, akaenda zake.

Tarehe mosi iliyofuata, yaya alibandua gazeti. Mstari wa binti ulikuwa umefika usawa wa kifua cha yaya, pale hasa mtoto anapoegemeza kichwa akimkumbatia mama yake. Yaya akaweka rula chini, akaikumbatia fremu kwa mikono miwili. Mbao ilikuwa na joto na jasho kidogo, la mtoto aliyetoka kucheza. Akakaa hivyo kitambo.

Bwana Kwanini, aliyekuwa na miaka minane sasa, alisubiri zamu yake ya kupimwa.

"Kwa nini unakumbatia mlango?"

"Niko likizo," yaya akasema, kisha akaenda kuepua maziwa.