Mpira Haujatoka

…si utoke tu huo mpira, Elizabeti anawaza, utoke hata kwa aibu, maana Lusubilo ameshavua traksuti, amesimama mstarini na jezi namba tisa, kibao kimeinuliwa, na haingii mtu mpaka mpira utoke nje, na hawa Mpakani Rangers, ambao siku zote huupaisha mpaka kwenye mahindi ya watu, leo wamegeuka mafundi, pasi kulia, pasi kushoto, pasi kwa kipa… “Utoeni nje, jamani, mnauatamia?” anapaza sauti, watu wanacheka, wamemzoea, nusu yao hulipa kiingilio kuja kumsikiliza yeye, maana mpira wenyewe uko wapi, safu gani hii ya ushambuliaji, wamejipanga mbele ya goli kama malori ya foleni, kila mmoja anangoja kugongewa muhuri ndipo apite, Jastin yule winga akishampiga beki chenga anarudi kumpiga tena, utadhani amesahau kitu kwake, Lucky anapiga shuti kama anafukuza kuku wa mkwewe, anaogopa kumuumiza, na kocha kila usajili analeta mabeki, mabeki, tunajenga ukuta wa shule hapa? Straika wa kweli hakimbii hovyo, anasimama pale panapouma, anangoja… kungoja, na hapo nani wa kumshinda Elizabeti, msimu mmoja tu, Eliza, alisema Lusubilo siku anavuka mpaka kuingia Nakonde, nimepata timu Kitwe, nacheza msimu mmoja narudi na mahari, na msimu ukazaa misimu, mama yake kule Isongole alikuwa akimwita mkwe, kisha akamwita Elizabeti, siku hizi akija sokoni anamwita mama mchele, nipimie wa Msangano, na yeye anampimia, anaongeza na kiganja, na jioni nyingine akifunga biashara alikuwa anakwenda kusimama karibu na geti la mpaka, ng’ambo saa zao ziko nyuma ya zetu, akijiambia kwamba kule Lusubilo bado hajachelewa… “Dada Eliza,” Shadrack muuza viatu anamgusa bega, “shemeji karudi tangu Alhamisi, amekuja kukusalimia?” “Alikuja, ukiwa umelala.” “Nasikia kaja na mama wa Kibemba.” “Nasikia, nasikia, masikio yako ndiyo yangevaa namba tisa, Shadrack, yako mbele siku zote,” na watu wanacheka tena, yeye pia, lakini macho yamekwenda kule kwenye viti vya plastiki vya wageni, kuna mwanamke wa kitenge kipya hamjui, labda mke wa kocha, labda dada wa mtu, labda… Lusubilo anapandisha soksi, shingo imenenepa, utosini nywele zimeanza kuaga, na bado akiingia atafunga, hilo halina ubishi, na akifunga atakimbia, zamani hakukimbilia benchi huyu, alikuja hapa hapa alipo Elizabeti, akampigia saluti kama askari, uwanja wote ukapiga vigelegele, na leo atakimbilia wapi, huku au kule kwenye viti, mdomo unaweza kudanganya, ila miguu ya mtu aliyefunga… na mpira huo, Mungu wangu, Lucky kaukosa, unabingirika kuelekea mstari, taratibu, mwamuzi ameshaweka filimbi mdomoni, na Elizabeti anaona ule mgongo mpana wa Lusubilo, karibu kiasi cha kusikia unavyohema, haujawahi kuwa karibu hivi tangu Nakonde, na bado haujasema hapana… “Uokoe!” sauti imemtoka kabla yake, “Jastin, baba, uokoe!” na Jastin anajirusha, anaunasa juu ya chokaa, anaurudisha ndani, anampa beki, beki anampa kipa, uwanja mzima unazomea, na yeye anapiga makofi. “Dada, unashangilia nini, umerudi kwa kipa!” “Umiliki, kaka, huo unaitwa umiliki, hamjui mpira nyie,” anasema, viganja vinawaka moto, pasi nyingine, wanangu, na nyingine, hivyo hivyo, Lucky mtoto mzuri, rudisha nyuma…