Ruhusa ya Kitufe

Bi Mkasi alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa kwa mambo mawili: kazi yake na ulimi wake. Kiharusi kilipompiga, kilimwachia kidole kimoja tu cha mkono wa kushoto.

Mkwe wake, fundi kompyuta, ndiye aliyemrudishia sauti. Alimfungia kitufe kando ya kitanda, akakiunganisha na kompyuta kwa waya. Herufi zilipita kwenye kioo, Bi Mkasi akabonyeza aliyoitaka, kompyuta ikamsemea. Majirani wakasema binti yake kaolewa na dhahabu.

Tatizo lilikuwa ruhusa. Kompyuta haikukubali kitufe kile kitumiwe na yeyote mpaka mkwe aingie kama msimamizi, aandike amri ya kukifungua. Ikizimwa tu, ruhusa inafutika. Na usiku walikuwa wakiizima.

"Mashine ndivyo zilivyo, mama," mkwe alimwambia. "Kila ikiwaka, imeshasahau."

Basi asubuhi Bi Mkasi humngoja amalize chai. Akiwa amemkosoa jana yake, mkwe hupita mlangoni na funguo za gari mkononi, "Nimechelewa, mama," naye hushinda bubu hadi jioni, mkojo ukimpoa mapajani. Akajifunza kusifia. Yeye, ambaye hakuwahi kumsifia hata marehemu mumewe!

Siku moja mkwe alikuja na mwenzake wa kazini. Mgeni akamwona akiandika ile amri, akashangaa.

"Kaka, unajitesa bure. Si uandike kanuni mara moja kwenye mfumo? Hata uizime kompyuta mara mia, ruhusa inarudi yenyewe."

"Ilikuwepo, nikaifuta," mkwe akajibu. "Wewe hujawahi kuishi na mama mkwe."

Wakacheka pale pale juu ya kichwa chake, kama watu waliosimama mbele ya kabati.

Bi Mkasi alingoja watoke. Binti yake alipoingia na nguo za kukunja, akabonyeza herufi kwa herufi hadi kompyuta ikasema: "Mumeo ananifunga mdomo makusudi. Kanuni ilikuwepo. Kaifuta."

Binti alinyoosha pindo la shuka.

"Mimi ndiye niliyemwambia aifute."

Kidole kikabaki hewani.

"Tangu utoto wangu unanisema, mama. Mwili wangu, mapishi yangu, mume niliyemchagua. Ulipougua nililia, Mungu anajua nililia. Halafu nikasikia nyumba ilivyotulia." Akainama, akachomoa waya wa umeme wa kompyuta ukutani. "Pumzika."

Jumapili, dada mkubwa wa Bi Mkasi alikuja kutoka mbali kumjulia hali. Mkwe akatoa ruhusa, akasimama kando kwa adabu. Binti akaketi karibu na soketi.

"Mdogo wangu, wanakutunza?"

Herufi zikapita zote, zikaanza upya. Kusema ukweli kungechukua muda. Kuchomoa waya ni kufumba na kufumbua. Na dada angeondoka jioni, yeye abaki nao.

"Vizuri sana," kompyuta ikasema.

Dada akabubujikwa na machozi, akamshika mkwe mikono yote miwili. "Mungu akuzidishie, mwanangu. Wengine wangemtupa."

"Ni wajibu wetu, mama mkubwa." Akamfuta mgonjwa mate kidevuni, taratibu, kisha akapeleka mkono kwenye kompyuta.

Mlangoni, dada alimwambia binti, "Nilikuwa nimeshamwandalia chumba kwangu, nilitaka kumchukua. Lakini naona ningemwonea tu."

Bi Mkasi akasikia. Akabonyeza. Akabonyeza tena, na tena, hadi kidole kikakakamaa. Kioo kilikuwa cheusi.