Debe la Levina

Ngaa! Ngaa! Ngaa!

Debe lilimlilia Beatus sikioni kabla hajajua yuko wapi. Alipofumbua macho aliona kwanza nyasi za paa la dungu lake la kulindia mpunga, kisha miguu midogo ya Levina, kisha wingu la kwelea kwelea likipaa kutoka kwenye shamba lake la mpunga kijijini Mofu. Akataka kumsifu mtoto. Ndipo akasikia mtu anapiga hodi huko chini.

Alikuwa Evod, afisa ustawi wa jamii, kijana aliyehamia Ifakara juzijuzi. Alikwenda kwanza mtaa wa Viwanja Sitini, kwenye nyumba anamolelewa Levina, akakuta mlango umefungwa. Majirani wakamwambia kwamba mpunga ukianza kuiva, Jumamosi watu wanashinda mashambani. Sasa alisimama kwenye matope, akimtazama mtoto mwenye debe, wala haoni mtu mzima. Beatus alipochomoza kichwa, alama za mkeka zimemchora shavuni, Evod alimwamkia shikamoo, kisha akauliza mbona mtoto anaamia mpunga, anafukuza ndege peke yake.

Jibu la kweli lilikuwa fupi: usingizi ulinipitia. Lakini shamba la jirani lilikuwa la Kasmiri, na Kasmiri alikuwa ameegemea jembe lake, masikio wazi. Naye Beatus ndiye aliyelitangazia bonde zima kwamba mpungani kwake hata nzi hatui. Akajikohoza, akasema anamfundisha mtoto kazi.

Evod akaandika.

Jibu hilo ndilo lililomnyima Beatus usingizi, safari hii usingizi wa kweli, mpaka siku ya mahakama. Yeye na mkewe Tekla hawakumzaa Levina. Bibi yake alipofariki kule Kisawasawa, mahakama iliwakabidhi wamlee kwa malezi ya kambo, na muda waliopewa ulikuwa umekwisha. Sasa hakimu angeamua: abaki kwao, au apelekwe kituo cha watoto Morogoro. Njiani Tekla alimwonya mumewe kwamba ulimi ule uliomchongea mtoto ndio huohuo unaoweza kumwokoa, achague mwenyewe. Levina alikuwa mbele yao, anaruka madimbwi na kuimba.

Mahakama ya watoto haikuwa na kizimba. Walikaa kuizunguka meza: hakimu, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, Evod na jalada lake, Beatus na Tekla, mtoto katikati, na Kasmiri, aliyekuja kuwasemea kama jirani, kavaa koti lake la Jumapili. Evod hakuwa na chuki. Alieleza kwamba mtoto anapendwa, anakula vizuri, anasoma. Ila anatumikishwa kufukuza ndege peke yake, na mlezi amekiri kwa kinywa chake.

Hakimu akamgeukia Levina, akamuuliza yeye huwa anafanya nini dunguni.

“Baba anafukuza ndege,” alisema Levina. “Mimi nafukuza usingizi wa baba.”

Kasmiri alikohoa. Hakimu akainua macho.

“Ni kweli, Baba Levina?”

Baba Levina. Beatus alilihisi jina hilo kifuani, akajua kwamba leo anaweza kutoka chumba hiki bila kuwa nalo. Akasimama.

“Ni kweli, mheshimiwa. Mimi nikishiba wali wa mchana, hata kope zangu siwezi kuzilinda. Siku ile nilikuwa nimelala, yeye akaniamsha. Nikaona aibu, nikadanganya. Hajawahi kukaa peke yake dunguni. Mimi nipo hapohapo, nakoroma.”

“Kumbe lile trekta ni wewe, ndugu yangu,” alisema Kasmiri. “Nami kila siku nauliza nani analima wakati mpunga umeshaiva.”

Hakimu alijifunika mdomo kwa jalada, mabega yakimtikisika. Evod naye alicheka, kisha akasema kwamba kama ndivyo, hana pingamizi mtoto abaki. Hakimu akaamua: Levina abaki kwa Beatus na Tekla, asikose shule, na akipanda dunguni awepo mtu mzima aliye macho. Tekla akapiga kigelegele, karani akamsihi akakimalizie nje. Akakimalizia nje, kirefu.

Walipofika sokoni, jina la Trekta lilikuwa limeshatangulia. Wauza samaki walimwita, wasukuma mikokoteni wakamwigizia mlio. Zamani angekunja ngumi. Leo alimpandisha Levina mabegani akawapungia mkono wote, kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

“Baba,” Levina aliuliza kutoka juu, “mwakani utalala tena dunguni?”

Beatus alifungua kinywa aseme thubutu, hata lepe la usingizi. Akakifunga. Akaishika miguu ile midogo kwa mikono miwili.

“Hilo siwezi kukuahidi, mwanangu. Nakuahidi hili: ukipiga debe, nitaamka. Popote nilipo, ukipiga tu, nitaamka.”