Kilio cha Bibi Nazire

Saa moja asubuhi Tuncay alikuwa kwenye lango la kiwanja cha filamu, nje kidogo ya Istanbul, mkate wa ufuta mdomoni na gilasi ya chai mkononi, akiwagawa watu waliokuja kuigiza kwa kibarua. Mwenye ndevu nyeusi na macho meusi alielekezwa kulia, kwenye hema la Waothmani, akavishwe kilemba. Mwenye kipara, mwenye nywele za rangi ya majani makavu, mwenye macho ya kijani, hao walielekezwa kushoto, kwenye hema la watetezi wa mji. Kwenye makaratasi waliandikwa Wabizanti, wale Wakristo wa zamani wa Istanbul, lakini pale kiwanjani kila mtu aliwaita makafiri. Maharage na wali vilitoka sufuria moja, ila Waothmani walipakuliwa kwanza kwa sababu mavazi yao yalikuwa mazito.

Nafiz, dereva wa basi mstaafu, alikuwa amefuga ndevu tangu Ramadhani kwa ajili ya siku hiyo. Zilimtoka nyekundu.

"Kushoto, kaka Nafiz."

"Tuncay mwanangu, hebu nitazame vizuri. Ndevu si hizi hapa?"

"Ndevu nimeziona. Na macho nayo nimeyaona. Sultani ageuke kulitazama jeshi lake, akutane na macho ya buluu kama bwawa la kuogelea? Watu si watatucheka!"

"Nilikueleza habari ya mjukuu wangu."

"Ulinieleza, na iliniingia. Kushoto, kaka, usinizuilie foleni."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka uliotangulia Nafiz alionekana kwenye tamthilia ya televisheni akianguka kutoka juu ya ngome, mshale shingoni, na kesho yake watoto wa shule wakamwita Nehir mjukuu wa kafiri. Nehir ana miaka tisa na hasahau upesi. Safari hii shule nzima ingepelekwa sinema tarehe ishirini na tisa Mei, siku ya kukumbuka Waothmani walivyouteka mji wa Istanbul, kuitazama filamu hii hii. Nehir alikwisha kusimama mbele ya darasa akatangaza kwamba babu yake ni askari wa Sultani. Nafiz naye, badala ya kumtuliza, akaapa kwa mkate uliokuwa mezani kwamba itakuwa hivyo.

Neno lile, kafiri, Nafiz alilijua tangu utoto. Ukoo wake ni Waislamu wa Krete, waliopakiwa melini na kuteremshwa Ayvalık, pwani ya Uturuki, wakati serikali za Ugiriki na Uturuki zilipobadilishana watu. Waliswali nyuma ya imamu mmoja na majirani, wakazikwa makaburi mamoja, lakini kwa kuwa nyumbani walisema Kigiriki cha kisiwani kwao, waliitwa nusu kafiri. Majirani walikuwa pia na mzaha wao, kwamba Mkrete na ng'ombe waliingia shamba moja na ng'ombe ndiye aliyetoka na njaa, maana Wakrete hawaachi jani. Mzaha huo Nafiz aliucheka na kuusimulia yeye mwenyewe. Neno lile hakulizoea hata siku moja.

Basi alivalishwa deraya ya plastiki, akapangwa chini ya ukuta wa mbao na povu gumu lililopakwa rangi ya jiwe, akauawa. Alikuwa hodari wa kufa, hapepesi wala hajikuni. Waothmani walipita juu yake kwa kelele, wakapanda ngazi, wakarudishwa chini, wakapanda tena.

Katika mojawapo ya kupanda kwao ndipo Bibi Nazire alipotokea upande wa maegesho ya magari. Ni bibi yake Nafiz, mzaa baba, aliyefariki yapata miaka thelathini iliyopita na kuzikwa Ayvalık, juu ya mashamba ya mizeituni. Mlinzi alimruhusu kwa kuwa sharti la langoni lilikuwa kukabidhi simu, na yeye hakuwa nayo. Alikuwa na koti lake la kahawia na kikapu. Alikaa chini mavumbini, akakiweka kichwa cha Nafiz mapajani, akamfumba macho kwa kiganja, akaanza kulia kwa lugha ya Krete, akiimba kama wanavyoimba huko mtu anapofiwa:

*Umelala jua kali, na kivuli hakipo,*
*nani atakufunika, na mama yako hayupo?*

"Bibi, niko kazini," Nafiz alinong'ona bila kuchezesha midomo.

"Nami niko kwenye yangu."

Alipommaliza yeye alimsogelea wa pili, kijana wa Kijojia aliyekuja nchini kuchuma chai akapotelea kwenye filamu, akamfumba macho naye. Kijana akamshukuru. Akaenda kwa wa tatu. Fundi wa sauti akavua vipokea sauti vyake akamtazama Tuncay, na Tuncay akaja mbio.

"Shangazi, karibu sana, lakini ulie tukishasema 'kata'."

"Mwanangu, kilio si bomba la maji."

"Halafu hao ni makafiri, shangazi. Wa kwetu ni wale kule juu."

"Wale wamesimama," Bibi Nazire alisema. "Mimi nawalilia waliolala."

Kesho yake alirudi, na keshokutwa. Wakamwekea kiti cha kukunja, akawa analetewa chai. Makafiri walianza kugombania mahali pa kufia, kila mmoja akitaka kuwa karibu na kiti. Nafiz aliona haya, na chini ya haya ile alikuwa na furaha ambayo hakuipata tangu mkewe alipokuwa hai. Maana alimkumbuka bibi huyu akiwa hai. Siku moja sokoni, chini ya bango lililowaamuru raia waseme Kituruki, mtu wa manispaa alimfokea mbele za watu kwa kuuliza bei ya bamia kwa lugha yake. Tangu hapo alikisema Kikrete jikoni tu, tena bomba likiwa limefunguliwa ili maji yapige kelele. Sasa analia peupe, juani, na watu wamemshikia kipaza sauti juu ya kichwa. Nafiz alitokwa na machozi akiwa maiti, na Tuncay akamgombeza kwa kuharibu picha.

Siku ya nne mwongozaji, Bwana Ferruh, alivaa vipokea sauti yeye mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita Nafiz kando.

"Nywele zimenisimama," alisema. "Lakini sauti kama hii inapotea bure juu ya makafiri. Alhamisi mshika bendera wetu anakufa juu ya ngome. Nataka bibi yako alie pale. Mwambie aje, na wewe nitakusimamisha ubavuni pake. Kilemba, upanga, na uso wako unajaza kioo kizima cha sinema."

"Na macho yangu, bwana?"

"Kuna vioo vyeusi vya kubandika machoni. Hata mama yako hatakujua."

Nafiz alimkuta Bibi Nazire nyuma ya mahema, ameinama kwenye ua wa senyenge, anachuma mboga za mwituni na kuzitia kikapuni. Akamweleza.

"Huyo wa bendera, anakufa?"

"Kwenye filamu anakufa, bibi."

"Ana mama?"

"Anaye. Anaishi Bursa."

"Basi nitamlilia, mtoto wa watu. Na wale wa chini watabaki na nani?"

"Ni siku moja tu, bibi. Nimemwahidi Nehir."

Bibi alizitazama ndevu zake nyekundu, akamnyoosha ukosi kama alivyokuwa akimnyoosha alipokuwa anakwenda shule.

"Mtoto atakuona umesimama?"

"Nimesimama, na upanga mkononi."

"Haya. Kwa ajili ya mtoto."

Nafiz aliubusu mkono wake akauweka kwenye paji la uso kwa heshima. Ulikuwa wa baridi na ulinukia sabuni ya mizeituni.

Alhamisi Bibi Nazire alimlilia mshika bendera, ambaye simu yake ilikuwa ikitetemeka ndani ya deraya, na hakumpunguzia hata neno moja. Nafiz alisimama pale, kilemba kichwani, ndevu zimepakwa rangi nyeusi. Akaambiwa apige upanga. Hapakuwa na wa kumpiga, makafiri walikwisha kulipwa na kurudishwa mjini.

"Piga upepo, kaka," Tuncay alisema. "Mengine yatamaliziwa kwenye kompyuta."

Akaupiga upepo kwa nguvu zake zote.

Mwezi Mei ukafika. Ukumbi wa sinema ulijaa watoto wenye bendera za karatasi. Nehir alikaa katikati ya darasa lake na Nafiz, aliyenyoa ndevu zamani, akakaa kando yake. Bibi Nazire hakuwa na tiketi, akakaa kwenye ngazi. Kwa muda mrefu farasi walikimbia na mizinga ikalia. Kisha kioo kizima kikajaa uso wa Nafiz, kilemba, ndevu nyeusi, macho meusi.

"Huyo! Babu yangu huyo!" Nehir alipanda juu ya kiti. Mwalimu hakumkataza.

Upanga ulishuka. Na kwa kuwa upanga ukishuka lazima mtu aanguke, walikuwa wamechukua kipande cha picha za siku za mwanzo, wakakiunga hapo. Aliyeanguka alikuwa na ndevu nyekundu na macho ya buluu. Alikuwa Nafiz. Alianguka vizuri, bila kupepesa, na ukumbi mzima ukapiga makofi, Nehir akiwashinda wote.

Kisha kilio kikaanza. Juu ya ngome alionekana Bibi Nazire na koti lake la kahawia, midomo yake ikienda kama ilivyokwenda siku ile, lakini sauti ilikuwa ya mwanamke mwingine. Kwa Kituruki safi alisema kwamba amemtoa mwanawe kwa ajili ya bendera, na lau angekuwa na mwingine angemtoa naye. Walimu walitoa leso. Nafiz aligeuka kutazama kwenye ngazi. Bibi yake alikuwa ameinamisha kichwa mbele kidogo, kama mtu anayesikiliza habari za nyumba ya jirani.

Nje, kwenye njia ya miguu, watoto walimzunguka Nafiz. Yule aliyeanzisha jina la kafiri mwaka uliopita alitaka kupigwa naye picha.

"Babu, ulimpiga moja tu?"

"Moja tu."

"Akaenda chini!"

"Akaenda chini."

Nehir alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Uso ulimng'aa, na Nafiz akajua kwamba kuanzia kesho mtoto huyu atakwenda shule bila kusukumwa. Ilikuwa ndiyo haja yake, na ameipata.

"Yule kafiri alikuwa na sura mbaya, eh babu?"

"Mbaya sana," Nafiz alisema.

Hapo Bibi Nazire akawapenya watoto, akamshika Nehir mashavu, akasema naye kwa Kikrete. Hakushusha sauti. Wazazi wawili watatu waligeuka, na mwalimu akageuka. Alikuwa anauliza kama yule mtu mwenye ndevu nyekundu kuna aliyemzika, au bado wamemwacha pale chini ya ukuta.

"Bibi mkubwa anasema nini?" Nehir aliuliza.

Nafiz aliwatazama wazazi, akamtazama mwalimu.

"Anasema filamu ni nzuri."

Bibi Nazire, aliyekijua Kituruki sawasawa na mtu yeyote pale, alimwachia mtoto mashavu.