Kura za Maimuna

Maimuna alinishinda uenyekiti wa kijiji kwa kura kumi na tisa. Nilimpa mkono mbele za watu, nikacheka, nikasema hongera. Kisha nikaenda nyumbani nikajilaza bila kula, mke wangu Sauda akadhani nina homa.

Haikuwa homa. Mimi na Maimuna tulisoma darasa moja hapa Tingi, na tangu utoto yeye ndiye aliyekuwa akiitwa mbele. Sasa watu wakigombania mpaka wa shamba wanapita mlangoni kwangu kwenda kwake. Hata mama yangu mzazi, mbuzi wa jirani walipomlia mihogo, alipeleka mashtaka kwa Maimuna, akarudi anamsifu.

"Yule mwanamke ana subira," akasema. Maneno yale niliyatafuna siku tatu.

Mwezi wa Agosti mashine ya kisima cha kijiji iliungua. Mkutano wa kijiji ukaamua nyumba ya pampu ifungwe, vifaa visije vikaibwa, na ufunguo akae nao mwenyekiti mpaka fundi apatikane. Nilikuwepo, na niliafiki.

Wiki mbili baadaye tukaambiwa Rais Mudathiri atapita barabara kuu kwenda Lindi, na atasimama kutusalimu. Watu walijaa tangu asubuhi. Magari yalipofika, yeye akachomoza juu ya paa la gari lake, kipaza sauti mkononi.

"Nani ana kero?"

Maimuna alikuwa amesimama mbele, na viongozi wa wilaya, kavaa baibui jipya. Nilipomwona pale, mkono wangu ukapanda. Rais akaninyooshea kidole, mtu akaniletea kipaza sauti.

"Shikamoo, Mheshimiwa Rais."

"Marahaba. Sema."

"Mheshimiwa, hatuna maji. Nyumba ya pampu imepigwa kufuli. Ufunguo anao mwenyekiti, nyumbani kwake."

Kila neno lilikuwa kweli. Ndiyo maana lilitoka kwa urahisi.

"Mwenyekiti yuko wapi?"

Maimuna akasogea. "Mheshimiwa, mashine ili..."

"Sijakuuliza mashine. Ufunguo unao, huna?"

"Ninao, lakini mkutano wa kijiji ndio..."

"Kuanzia sasa wewe si mwenyekiti." Akanigeukia. "Unaitwa nani?"

"Hussen Likwata."

"Hussen, shika kijiji. Mkuu wa wilaya, umesikia?"

"Nimesikia, Mheshimiwa."

Watu wakashangilia. Wengine walikuwa wale wale waliompigia Maimuna kura. Yeye alisimama vile vile, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyekatizwa katikati ya salamu. Nami, Mungu anisamehe, nilijisikia mwepesi kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Kesho yake mtendaji wa kijiji, Erasmo, mtu wa Rondo, msomi na mpole, akanikabidhi mhuri. Aliuweka mezani, hakunipa mkononi.

"Kaka Hussen, sheria unaijua?" akaniuliza. "Mwenyekiti huchaguliwa na wanakijiji. Na wa kumwondoa ni wao."

"Sasa mbona jana hukusema?"

"Kumwambia nani? Ungekuwa wewe ungesema?"

Nikauvuta mhuri upande wangu.

"Amemwondoa kwa maneno ya mtu mmoja," akaendelea. "Siku akipita tena, mwingine akashika kipaza sauti akakutaja wewe, nani atamwambia asikilize pande zote mbili?"

Nilimwona mwoga. Lakini tangu siku hiyo, nikiona vijana wanaongea chini chini, najiuliza wananisema nini. Nilianza kukumbuka nani nilimnyima nini.

Tena watu hawakuja kwangu. Walikuja kugongewa mhuri tu. Kwa mashauri yao walikwenda kwa Maimuna, wakipitia uani ili nisiwaone. Niliwaona. Siku moja nilisimama nyuma ya ua wake nikasikia watu wanacheka ndani, na sauti ya mama yangu ikiwemo. Wivu niliodhani umekwisha ulinipanda upya. Nilikuwa nimemnyang'anya kiti, na bado alikuwa na kitu nisichokuwa nacho.

Nikaamua kukipata kitu hicho kwa njia ya haki. Nikaitisha mkutano mkuu. Nilisema kwa dhati kabisa: "Ndugu zangu, nataka mnichague wenyewe. Asiyenitaka asinikubali, sitamchukia. Wanaonitaka wanyooshe mikono."

Mikono yote ikapanda. Yote, kwa mara moja, na kimya. Erasmo aliyekuwa akiandika akanyoosha. Sauda akanyoosha. Mama yangu akanyoosha, macho yake yakiwa chini. Nyuma kabisa, Maimuna naye alinyoosha mkono wake.

Mkutano ulipokwisha nikamfuata njiani.

"Maimuna, kwa nini umenikubali?"

"Kwani nimekosea, mwenyekiti?"

"Usiniite hivyo. Sema kweli."

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Hussen, mimi nina watoto na shamba langu la ufuta. Aliyekuweka ni mkubwa kuliko sisi sote. Nisiponyoosha, kesho utasema nampinga yeye. Utasema au hutasema?"

Nilitaka kuapa kwamba sitasema. Kiapo hakikutoka, kwa sababu sote wawili tulijua niliwahi kusema nini.

"Basi niache nikapike," akasema, akaenda zake.

Nyumbani Sauda alinitengea chakula. Nikamwuliza kama yeye, mke wangu, alinikubali kwa moyo.

"Kula, Baba Twalib," akanijibu. "Chakula kinapoa."

Mimi ndiye mwenyekiti mpaka leo. Kisima kimetengenezwa, maji yanatoka. Maimuna anachota asubuhi kama wenzake, na wanawake humpisha atangulie, bila ya kuambiwa na mtu.